Bando la Kishikwambi na Bei Iliyofichwa Ndani ya Siku

Mkulima wa viazi anayeuza kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake na kushonewa kilemba juu, hupata hasara kwa sababu mnunuzi huondoka na mzigo mkubwa kuliko alioulipia, na ndiyo maana Wakala wa Vipimo nchini Tanzania umekuwa ukiipiga vita desturi hiyo kwa miaka mingi. Mnunuzi wa bando la intaneti hupata hasara kwa njia iliyo kinyume cha hiyo: hulipia gunia zima, hutumia sehemu yake, kisha siku zilizoandikwa kwenye kifurushi zikiisha, kilichosalia hutoweka bila mtu yeyote kukigusa. Hasara hiyo humpata kila mwenye simu, lakini humwelemea zaidi mwenye kishikwambi, kwa kuwa kifaa hiki hakitumiwi kwa mwendo uleule ambao simu hutumiwa. Hoja ya makala haya ni kwamba anayechagua bando la kishikwambi hana budi kuanza na kalenda kabla ya kuzifikia megabaiti, na kwamba serikali na shule zinazogawa vifaa hivi kwa wingi zinapaswa kupiga hesabu hiyohiyo.

Kishikwambi, yaani kompyuta bapa inayoendeshwa kwa kugusa kioo, kimeingia katika maisha ya Afrika Mashariki kwa mlango wa umma zaidi kuliko wa maduka. Kenya ilianza mwaka 2016 kusambaza vifaa vya kujifunzia kwa wanafunzi wa darasa la kwanza, na mwaka 2019 makarani wake wa sensa wakatumia vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi. Tanzania ilifuata njia hiyo katika sensa ya tarehe 23 Agosti 2022, na baada ya kazi hiyo vishikwambi vikagawiwa kwa walimu ili viwasaidie kufundishia. Katika matukio yote hayo kilichohesabiwa hadharani ni idadi ya vifaa. Swali la nani atalipia data ya kuviendesha, kwa kipimo gani na kwa muda gani, halikupewa uzito unaolingana na gharama yake, ingawa kishikwambi bila data hubaki kuwa kioo chenye vitabu vilevile vilivyowekwa siku ya kwanza.

Kabla ya kuzungumzia bei ni lazima kipimo chenyewe kieleweke. Data hupimwa kwa baiti, na baiti moja hufanywa na biti nane. Megabaiti, inayoandikwa MB, ni baiti milioni moja, na gigabaiti, inayoandikwa GB, ni megabaiti elfu moja, ingawa baadhi ya mitandao huhesabu 1,024. Kasi, kwa upande mwingine, hutajwa kwa biti kwa sekunde, na tofauti hii ya baiti na biti ndiyo huwachanganya wanunuzi wengi, kwani kasi ya megabiti nane kwa sekunde huleta megabaiti moja tu katika sekunde hiyo. Kutokana na hapo mtu yeyote anaweza kupiga hesabu bila kumtegemea muuzaji: video inayopita kwa megabiti moja kwa sekunde, ambayo ni picha ya ubora wa wastani, hupitisha megabiti 3,600 kwa saa, na megabiti hizo zikigawanywa kwa nane hutoa MB 450. Video iliyo kali zaidi, inayohitaji megabiti mbili na nusu kwa sekunde, hula zaidi ya GB moja kwa saa, ilhali sauti peke yake, kama kipindi cha redio kinachopita kwa kilobiti 128 kwa sekunde, haifikishi hata MB 60 kwa saa hiyohiyo.

Hesabu hiyo huonyesha udhaifu wa vigezo vinavyotumika kimataifa. Umoja wa Mataifa, kupitia Tume yake ya Intaneti ya Kasi, ulilenga kwamba ifikapo mwaka 2025 huduma ya intaneti ya kiwango cha kuanzia isigharimu zaidi ya asilimia 2 ya pato la wastani la mtu kwa mwezi, na kiwango hicho cha kuanzia kwa data ya simu kimekuwa kikipimwa kwa GB 2. Kwa mtu anayesoma ujumbe na habari kwenye simu, GB 2 kwa mwezi zinaweza kutosha akijibana; kwa mwanafunzi anayetazama masomo ya video kwenye kishikwambi, kiasi hicho ni chini ya saa tano za ubora wa wastani, yaani somo moja la saa moja kwa wiki na ziada kidogo. Kigezo kilichotungwa kwa kufikiria simu hakiwezi kuwa mizani ya kifaa chenye kioo kikubwa maradufu.

Ukubwa wa kioo ndio sababu ya kwanza ya kishikwambi kula data kuliko simu, hata pale ambapo mtumiaji ni yuleyule na anatazama kitu kilekile. Programu nyingi za video hujipangia zenyewe ubora wa picha kwa kuangalia kasi ya mtandao na ukubwa wa kioo, hivyo filamu ambayo simuni ingepita kwa ubora wa chini bila mtazamaji kugundua, kwenye kishikwambi hupandishwa daraja ili isionekane na ukungu, na asiyeingia kwenye mipangilio kuushusha ubora huo kwa mkono wake hulipia ukali wa picha ambao hakuuomba.

Sababu ya pili ni ya kificho zaidi. Kishikwambi kimeundwa kwa dhana kwamba kitaishi nyumbani au ofisini, karibu na Wi-Fi isiyohesabiwa, na kwa hiyo kikipata Wi-Fi yoyote hujiona kimefika malishoni: husasisha programu, hupandisha picha kwenye hifadhi ya mtandaoni, na hushusha toleo jipya la mfumo wake endeshi, ambalo peke yake huweza kuvuka GB moja. Mwenye simu anapowasha hotspoti, yaani anapoigeuza simu yake kuwa kituo kidogo cha Wi-Fi, kishikwambi mara nyingi hakitambui kwamba malisho hayo yamenunuliwa kwa vocha, hasa vifaa viwili hivyo vinapokuwa vya aina tofauti, na bando lililokusudiwa kumaliza wiki hukatika kabla ya chakula cha jioni. Dawa yake ipo, nayo haina gharama: kwenye vifaa vya Android mtumiaji huweza kuutaja mtandao huo kuwa ni wa kulipiwa kwa kipimo, na kwenye iPad, tangu mwaka 2019, huweza kuwasha hali ya matumizi madogo ya data. Hatua hii inapaswa kutangulia ununuzi wa bando lolote, kwa kuwa hakuna kifurushi kikubwa cha kutosha kwa kifaa kinachokula huku mwenyewe akiwa amelala.

Wauzaji waliitambua hamu hiyo ya kishikwambi mapema kuliko wanunuzi. iPad ya kwanza yenye nafasi ya laini ilipoanza kuuzwa Marekani mwishoni mwa Aprili 2010, kampuni ya AT&T iliiwekea vifurushi viwili vya siku 30, kimoja cha MB 250 kwa dola 14.99 na kingine kisicho na kikomo kwa dola 29.99; lakini mwezi Juni mwaka huohuo, kabla hata mtumiaji wa kawaida hajajua matumizi yake ya miezi miwili, kile kisicho na kikomo kiliondolewa kwa wateja wapya na mahali pake pakawekwa GB 2 kwa dola 25. Tangu hapo soko la data limebaki na vipimo viwili vinavyokwenda pamoja, kiasi na muda, na mjadala wa umma umekuwa ukikitazama cha kwanza na kukisahau cha pili. Hata malalamiko yaliyozuka Tanzania mwanzoni mwa Aprili 2021, ambayo yaliifanya serikali isimamishe bei mpya za vifurushi, yalihusu zaidi megabaiti zilizopungua kwa kila shilingi.

Muda ni bei, na bei hii hupimika. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kwamba kifurushi cha GB 10 cha siku saba kinauzwa shilingi 10,000, na kingine cha GB 4 kisicho na ukomo wa muda kinauzwa shilingi hizohizo. Kwenye tangazo, cha kwanza kinaonekana kuwa rahisi mno, kwani GB moja ni shilingi 1,000 dhidi ya shilingi 2,500 za kile cha pili. Lakini mwalimu anayetumia kishikwambi chake siku mbili kwa wiki, akamaliza GB 3 peke yake kabla siku ya saba haijafika, amelipa shilingi 3,333 kwa kila GB aliyoitumia, na kile kilichoonekana ghali kingemfaa zaidi. Bei ya kweli ya bando, kwa hiyo, hupatikana kwa kugawa fedha kwa data iliyotumika, na mgawanyo huo hauwezi kufanyika dukani. Unahitaji mtu ajue kwanza kifaa chake huamka mara ngapi.

Hapa ndipo tofauti ya simu na kishikwambi inapokuwa na maana kubwa. Simu hutumiwa kila siku, karibu kila saa, kwa hiyo bando la siku au la wiki huliwa likaisha, na salio linalopotea huwa dogo. Kishikwambi hutumiwa kwa vipindi: hulala siku nne kabatini, kisha kikaamka Jumamosi na kufanya kazi saa sita mfululizo, hupumzika likizo nzima, kisha kikahitajika kila jioni wakati wa mitihani. Kifaa chenye mwendo huo kikiwekewa bando la muda mfupi linalojirudia lenyewe, humlisha muuzaji katika wiki zile ambazo hakijawashwa, na ile methali ya haba na haba hujaza kibaba hutimia vizuri sana, isipokuwa kibaba kinachojaa si cha mnunuzi.

Ni haki kusikiliza hoja ya upande wa pili. Makampuni ya simu husema kwamba uwezo wa mnara hauwekwi ghalani, kwa maana kwamba nafasi ya mawimbi ambayo haikutumika jana haiwezi kuuzwa leo, na kwamba ukomo wa siku huyasaidia kukadiria msongamano na kuuza kwa bei ya chini saa ambazo mitandao imelala. Hoja hiyo ina ukweli, na bando la usiku ni ushahidi wake mzuri, kwa sababu bei yake nafuu inatokana na minara iliyo tupu. Hata hivyo haielezi kila kitu, kwa kuwa data iliyopotea haikuuelemea mnara wowote, na kwa kuwa soko la Kenya lilionyesha Oktoba 2019, Safaricom ilipoanza kuuza data isiyo na ukomo wa muda, kwamba jambo hilo linawezekana bila mtandao kuporomoka. Linalobaki kujadiliwa ni tofauti ya bei kati ya data yenye siku na data isiyo na siku, na iwapo mnunuzi anaonyeshwa tofauti hiyo waziwazi.

Kwa anayechagua, swali la kwanza si bando lipi bali ni kama kishikwambi kinahitaji laini yake. Kifaa kisichotoka nyumbani hakina haja nayo: kitaishi kwa hotspoti ya simu au kwa ruta, yaani kisanduku kinachogawa intaneti kwa vifaa kadhaa, na familia itanunua bando moja kubwa linaloliwa na watu wengi, jambo ambalo lenyewe hupunguza salio linalopotea kwa sababu mlaji mmoja akilala mwingine yuko macho. Laini ya pekee humfaa yule ambaye kifaa chake hufanya kazi mbali na simu yake au kwa muda mrefu kuliko betri ya simu inavyoweza kuhimili hotspoti, kama vile afisa ugani anayezunguka vijijini, mhudumu wa afya anayejaza takwimu za kaya, au mwanafunzi wa bweni ambaye simu haruhusiwi kuwa nayo.

Aliyeamua kuweka laini atakutana na vikwazo ambavyo matangazo hayavitaji. Nchini Tanzania laini husajiliwa kwa kitambulisho cha taifa na alama za vidole, na kanuni za usajili za mwaka 2020 ziliweka ukomo wa idadi ya laini ambazo mtu mmoja anaweza kuzisajili katika mtandao mmoja, hivyo laini ya kishikwambi inahitaji kupangwa mapema. Zaidi ya hapo, vifurushi vingi vinavyopendwa ni vya mchanganyiko, yaani vina dakika, ujumbe mfupi na data kwa pamoja, na dakika hizo hazina kazi kwenye kifaa kisichopiga simu. Vishikwambi kadhaa, iPad zikiwemo, haviwezi hata kufungua menyu ya kujiunga kwa kubonyeza nyota, namba na reli, hivyo mwenye kifaa hulazimika kuichomoa laini na kuipeleka kwenye simu, kununua kupitia programu ya mtandao husika, au kuinunulia namba hiyo kutoka simu nyingine kana kwamba anamnunulia ndugu aliye mbali.

Baada ya hayo, aina za vifurushi hujipanga zenyewe kwa mwendo wa matumizi. Bando la siku humfaa mwenye kazi moja kubwa inayojulikana saa yake, kama kuhudhuria mkutano wa video au kutuma ripoti ya mwezi, na hugeuka kuwa mzigo linaponunuliwa kila siku kwa mazoea, kama mafuta ya kula yanayopimwa kwa kijiko dukani huku dumu likiwa nafuu. Bando la mwezi humfaa mwenye matumizi ya kila siku yasiyobadilika sana. Data isiyo na ukomo wa muda, japo GB yake ni ghali, ndiyo iliyo karibu zaidi na tabia ya kishikwambi kinachoamka na kulala. Kuhusu kifurushi kinachoitwa kisicho na kikomo, mnunuzi anapaswa kusoma masharti ya matumizi ya haki, ambayo ni kiwango ambacho kikifikiwa kasi hushushwa, kwa kuwa baada ya hapo kinachobaki bila kikomo huwa ni subira ya mtumiaji. Na yeyote mwenye vitabu au video za kushusha anaweza kutumia bando la usiku, akakiacha kifaa kivune kati ya saa sita na alfajiri ili kutwa kisome kilichokwisha kuhifadhiwa.

Hakuna mojawapo ya hesabu hizi inayofaa mahali ambapo mtandao haufiki vizuri. Mawimbi ya masafa ya chini husafiri mbali na kupenya kuta kuliko ya masafa ya juu, na kila kampuni ina mchanganyiko wake wa masafa na minara, hivyo bando rahisi la mtandao unaokatikakatika kijijini ni ghali kuliko lile la jirani linaloshika. Jaribio la vocha ndogo, lililofanywa mahali penyewe kifaa kitakapotumika na katika saa ambazo kitatumika, huzidi ramani yoyote ya matangazo.

Yote yaliyosemwa hadi hapa ni wajibu wa mnunuzi, lakini ingekuwa dhuluma kumwachia peke yake. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliweka mwaka 2021 kanuni zinazoyataka makampuni kumjulisha mteja matumizi yake yanapofika asilimia 75 na yanapofika asilimia 100, na kumpa nafasi ya kuchagua kama anataka kuendelea kutumia data kifurushi kinapokwisha. Ni kanuni nzuri, ila zilitungwa kwa kumfikiria mwenye simu. Ujumbe wa asilimia 75 unaokwenda kwenye laini iliyomo ndani ya kishikwambi kisichofungua sanduku la ujumbe mfupi haumfikii mtu. Mteja angepaswa kuwa na haki ya kusajili namba nyingine ya kupokea taarifa za laini hiyo, na kila kifurushi kingepaswa kuonyesha kwenye menyu, kando ya bei na siku zake, bei ya GB moja, pamoja na bei ya kiasi hichohicho kisicho na ukomo wa muda, ili mnunuzi aone papo hapo anazilipia siku kiasi gani.

Serikali nayo ina sehemu yake. Data Tanzania Bara hubeba ushuru wa bidhaa pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na zote mbili zikijumlishwa juu ya bei ya huduma, zaidi ya robo ya kila shilingi anayolipa mwalimu kwa bando la kishikwambi alichopewa na serikali hurudi serikalini. Kumkabidhi mtu ng'ombe kisha kumtoza ushuru wa majani si sera ya ufugaji. Kuna njia mbili zilizo nafuu kuliko kumwacha ajinunulie. Ya kwanza ni taasisi kununua data kwa pamoja, kwa laini zilizosajiliwa kwa jina lake, kwa kipimo cha mwaka wa masomo badala ya wiki, kwa maana shule ina mihula na bando lake lingefuata mihula hiyo. Ya pili ni kupunguza kiu yenyewe: mpango wa Kenya wa mwaka 2016 uliambatanisha vifaa na ruta pamoja na seva ya maudhui, yaani kompyuta inayohifadhi masomo na kuyagawa kwa Wi-Fi ndani ya darasa bila kugusa intaneti, na Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada ambavyo vikishushwa mara moja kwenye seva ya namna hiyo vingesomwa na shule nzima bila kila mwalimu kuvilipia upya.

Mwenye kishikwambi asiyetaka kusubiri kanuni mpya ana kazi ndogo ya kuanza nayo: mipangilio ya kifaa ina ukurasa unaoonyesha data iliyotumika kwa kila programu, na mwezi mmoja wa kuusoma kila Jumapili, pamoja na kuandika siku ambazo kifaa kiliwashwa, utampa namba mbili anazozihitaji, yaani kiasi na mwendo. Akiingia sokoni na namba hizo, atauliza kwanza siku, kisha megabaiti, na mwisho bei, na utaratibu huo wa maswali ndio kipimo pekee ambacho kwa sasa hakuna aliyemchongea isipokuwa yeye mwenyewe.